Sikuona na Hakuna

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu wengi huyatumia kama kwamba ni mamoja, nayo hayafanani. La kwanza ni "hakuna". La pili ni "sikuona". Asemaye hakuna hutoa habari ya ulimwengu. Asemaye sikuona hutoa habari ya macho yake. Mtoto aliyetumwa jikoni kutafuta kisu hurudi mbio akasema hakuna, na mama yake akiingia hukikuta juu ya kinu. Nyumbani kosa hilo huishia katika kicheko au karipio. Pana mahali ambapo haliishii hivyo, napo ni maabara ya hospitali.

Vijana wasomao sayansi ya maabara za tiba hutakiwa, kabla ya kuhitimu, wakae kwa muda hospitalini, wafanye kwa mikono yao yale waliyoyasoma. Sababu yake ni wazi. Kitabu chaweza kumwambia kijana kwamba kiini cha malaria, katika damu iliyopakwa nene na kutiwa rangi ya Giemsa, huonekana kama nukta nyekundu iliyoshikana na uzi wa buluu. Lakini kitabu hakimwonyeshi chembe za rangi chafu zilizoganda juu ya kioo, zinazofanana na kiini hata zikamdanganya mjuzi, wala hakimpi uchovu wa kioo cha arobaini. Hayo hufundishwa na meza, na meza haifundishi ila kwa damu ya mtu.

Hapo ndipo penye swali. Kijana wa Kilifi ajifunzaye ugema huanza na mnazi mfupi. Akiteleza, mfupa uvunjikao ni wake. Mwanagenzi wa maabara akiteleza, aumiaye ni mwingine, tena ni mtu asiyejua hata kidogo kwamba jina lake liko mikononi mwa mwanafunzi. Je, ni haki mtu kujifunza kwa hatari ya mwenziwe?

Nilipokuwa mwanagenzi katika hospitali moja ya pwani, nisiyoitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu, nililetewa kioo cha damu ya mtoto wa miaka mitatu. Saa sita ilikuwa imepita, joto la Januari limejaa chumbani, na vioo vimepangwa mbele yangu kama samaki wa kuanikwa. Kanuni yasema kwamba asiyeona kiini katika damu iliyopakwa nene asitoe jibu mpaka awe amepitia angalau sehemu 100 za kioo, kila moja ikiwa imekuzwa mara 1,000. Mimi nilipitia kama 30. Vioo vyote vya asubuhi ile vilikuwa vitupu, nikajiambia kwamba hiki nacho ni vivyo hivyo. Nikaandika: "Hakikuonekana kiini."

Msomaji, tazama jinsi nilivyokuwa mwongo hodari. Sikuandika neno hata moja lisilo kweli. Kiini hakikuonekana, nani angeweza kunishtaki? Lakini neno "sikuona" lina ahadi ndani yake, nayo ni kwamba msemaji alitazama. Ukiiondoa ahadi hiyo, neno hubaki kama ganda la dafu lililokwisha nywewa: umbo lipo, maji hakuna. Hata kipofu angeweza kuliandika jibu langu bila ya kusema uongo.

Tena ubaya wake ulizidi kwa kuwa neno hilo ni la hekima linapotumiwa na mtu mwaminifu. Viini vya malaria kali, vikikomaa, hujishika katika kuta za mishipa midogo ndani ya mwili, vikaacha kuzunguka katika damu itolewayo kidoleni. Kwa hiyo hata mjuzi aliyetazama kwa subira huweza asione, na mtoto akawa mgonjwa vile vile. Ndiyo maana wazee wa kazi hii hawaandiki hakuna. Huandika kwamba hakikuonekana, na mganga amwonaye mtoto bado anatetemeka huagiza damu ichukuliwe tena baada ya saa kadhaa. Mimi nililivaa vazi la unyenyekevu wao kuufunika uvivu wangu.

Kuna jambo la kushangaza katika historia ya pwani hii. Mjini Kilifi, ubavuni mwa hospitali, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya imekuwa ikichunguza malaria pamoja na shirika la Wellcome la Uingereza tangu mwaka 1989. Katika miaka ya 2000 watoto waliolazwa hapo kwa malaria walipungua sana. Ni neema kubwa. Lakini neema hiyo ilileta jaribu jipya kwa mkaa mezani. Zamani, alipokuta viini karibu kila siku, jicho lilikuwa macho kwa kuwa lililipwa haraka. Ugonjwa ukiwa haba, jicho hutazama vitupu siku nzima, na uaminifu hudaiwa zaidi wakati uonekanapo kuwa hauna faida. Sidhani kama kuna mtihani wa chuo uwezao kumpima kijana kwa jambo hili.

Wako wasemao kwamba lawama si ya mwanafunzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 1999 yataka mtaalamu wa maabara awe amesajiliwa, nayo majibu ya mwanagenzi yafaa yapitiwe na mkubwa wake. Nakubali, tena naongeza kwamba mahali pengine mwanagenzi hufanywa mkono wa bure, akaachiwa chumba peke yake mkubwa akaenda kula. Hilo ni dhuluma kwa mgonjwa na kwa kijana pia. Lakini mkubwa aweza kutia sahihi juu ya jibu. Hawezi kutia sahihi juu ya sehemu 70 ambazo sikuzitazama, kwa sababu hazijui.

Watu wa pwani wana hadithi za kale za mumiani, mnyonya damu za watu. Wasomi huzicheka. Mimi nadhani zina shauri lake: damu itokapo mwilini huwa amana, na mwenye kuitoa ana haki ya kuogopa asipojua inakokwenda. Nashikilia kwamba mwanagenzi ana haki ya kujifunza, kwani tukimkataa leo wajukuu wetu hawatakuwa na mtaalamu. Nashikilia pia kwamba mama mwenye mtoto aambiwe nani anaitazama damu ile. Wakubwa wengine huona kumwambia ni kumtia hofu bure. Huenda ikawa; lakini hofu ya mwenye mali si sababu ya kumficha hali ya mali yake.

Siku ile mkubwa wangu alirudi, akakichukua kioo bila ya neno, akakitazama. Katika sehemu ya 64 alinyamaza, akaniashiria nije nione. Mfagiaji alitumwa mbio, akamkuta mama kituoni anangoja matatu ya kwenda Malindi. Aliporudi, mkubwa alinitaka nimweleze mwenyewe.

"Mama," nikasema, "sikutazama vya kutosha. Mtoto ana malaria. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda, mtoto amelala begani mwake. "Mwanangu," akasema, "na wale waliotangulia leo asubuhi, uliwatazama?"

Mkubwa alivuta kasha la vioo vya asubuhi, akaliweka mbele yangu. Vilikuwa 38. Nilimaliza usiku.