Usitoe Kitu Mkononi Kabla Bei Haijaingia

 

Ndugu zangu katika imani, kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, makundi yetu ya WhatsApp hapa Rubavu hugeuka soko. Godoro, jiko la gesi, simu, kompyuta: mtu anaweka picha, anataja bei ya kuanzia, anasema atakayetoa zaidi kabla ya Alhamisi usiku ndiye mwenye kitu. Huo ni mnada, cyamunara kwa Kinyarwanda, na wengine huuliza kama unafaa kisheria. Unafaa. Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud na nyinginezo, kwamba Mtume (s.a.w.) alimnadia Answari mmoja maskini tandiko lake na bakuli lake. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Wapo waliojadili isnadi yake, lakini jamhuri ya wanazuoni wameujuzisha mnada. Na tazameni aliyekuwa akiuziwa vitu vyake: mtu mwenye haja, ambaye fedha ile ilimnunulia chakula na shoka la kukatia kuni. Hali hiyo haiko mbali na ya mwanafunzi anayeuza simu ili alipe kodi ya chumba.

Kilichoharamishwa ni najshi, na hadithi yake iko katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Najshi ni kupandisha bei bila nia ya kununua. Ukimwomba mwenzako wa chumba aandike faranga 250,000 asizokuwa nazo ili mgeni aandike 260,000, hiyo ndiyo yenyewe, hata mkiita kusaidiana. Nalitaja mapema kwa sababu tunapenda kuzungumzia matapeli kana kwamba wote wako nje ya kundi letu.

Sasa nije kwa anayedhulumiwa. Kisa nimekisikia kwa namna nyingi, lakini mwili wake ni mmoja. Mshindi wa mnada anasema yuko Goma, au yuko Kigali, hawezi kufika. Anatuma motari achukue kompyuta. Mara simu ya muuzaji inaita mesiji: umepokea faranga kadhaa kutoka kwa fulani. Mesiji ina sura ya zile za pesa za simu, ila imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Motari yuko mlangoni, hajui lolote, ana haraka. Muuzaji anatoa kitu. Jioni anafungua akaunti yake, salio ni lilelile la asubuhi.

Wanafiqhi wana neno kwa jambo hili: qabdh, kupokea. Wametaja kwamba katika biashara ya taslimu muuzaji ana haki ya kuzuia kitu chake mpaka apokee bei. Mesiji ni habari tu. Picha ya skrini pia ni habari. Bei imepokewa pale unapobonyeza *182# wewe mwenyewe, au programu ya mtandao unaotumia, ukaona salio limeongezeka. Motari asubiri. Na kumbukeni kwamba anayepokea pesa haingizi namba ya siri popote. Mnunuzi anayekuambia ubonyeze kitu ndipo malipo yaingie anataka kutoa pesa kwako.

Ujanja wa pili: anakupigia akilia kwamba amezidisha kwa makosa, umrudishie tofauti. Tazama salio kwanza. Kama hakuna kilichoingia, huna deni. Kama kimeingia kweli, ni mali ya mtu na huna haki ya kukila, lakini usikitume kwenye namba unayotajiwa. Nenda kwa kampuni ya simu warudishe zilikotoka, kwani huenda mwenye pesa ni mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako.

Najua pingamizi. Kuna dada aliniambia kwamba aliona haya kukagua salio mbele ya mtu aliyemwanza kwa salamu na kumwapia wallahi. Aliogopa dhana mbaya. Ni kweli Suratul Hujurat inatuonya na dhana. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inawaamrisha waumini waandike deni na kuweka mashahidi, na inawaambia hayo wao kwa wao. Kuhakikisha si kutuhumu. Imepokewa pia kwamba Umar (r.a.) alimuuliza mtu aliyemdhamini mwenzake: umekuwa jirani yake, umesafiri naye, umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Aliposema hapana, Umar akamwambia huenda ulimwona tu msikitini akiinua na kushusha kichwa, basi humjui. Mimi naona tapeli anayetumia salamu yetu ni mbaya kuliko mwingine, kwa sababu anaiba pia imani ya atakayesalimiwa kesho.

Tazameni vilevile minada ya mali zilizokamatwa ambayo Wizara ya Sheria huiendesha kwa mtandao tangu 2020. Huko anayetaka kushindana huweka dhamana kwanza. Nasi tunaweza kuomba arbuni. Mahanbali wameijuzisha, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ikaikubali mwaka 1993 kwa sharti muda wake ujulikane.

Na aliyekwisha kuibiwa asinyamaze kwa aibu. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwapo sahaba aliyekuwa akipunjwa kila akifanya biashara, wanamtaja kuwa Habban bin Munqidh. Hakuchekwa. Alifundishwa kusema anapouziana na mtu kwamba pasiwe na hadaa, na katika riwaya ya Ibn Majah akapewa hiari ya siku 3. Hapa Rwanda tunayo sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na RIB wanapokea simu bila malipo kwa namba 166. Usifute mesiji, usifute mazungumzo, andika namba na saa, kisha nenda siku hiyohiyo, kabla pesa au kompyuta haijavuka mpaka.