Biti Iliyokwama na Amana ya Mwenzako

Katika karakana zetu za mijini jambo hili ni la kawaida. Fundi ameazima drili ya mwenzake, anatoboa chuma, kazi inakwisha, lakini biti haitoki katika drili. Mteja anasubiri na jua linakuchwa. Nyundo iko karibu. Je, aigonge?

Wapo watakaosema hilo ni suala la ufundi tu, dini haihusiki. Lakini drili ile si yake. Ni ariya, yaani mali ya kuazima, na Uislamu haukuiacha bila hukumu.

Mwaka wa 8 Hijria, kabla ya vita vya Hunayn, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu. Safwan akauliza kama zinachukuliwa kwa nguvu. Akajibiwa kuwa ni za kuazima, na zina dhamana. Baadhi zilipopotea, Mtume (s.a.w.) alikuwa tayari kuzilipa, ila Safwan hakutaka malipo. Makka ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mwenye mali alikuwa mshirikina, lakini haki yake haikuguswa. Sembuse haki ya jirani yako unayesimama naye safu moja msikitini?

Wanazuoni wametofautiana katika ufafanuzi. Kwa Mahanafi, aliyeazima halipi mpaka avuke mpaka au azembee. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi hapa Afrika Mashariki, hulipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kitu kimeharibika kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa.

Basi biti ikilika kwa kutoboa, hayo ni matumizi. Mpaka unavukwa wapi? Aghalabu unavukwa kwenye nyundo. Fundi mzoefu huzima drili na kuchomoa waya kwanza. Hutia ufunguo katika kila tundu la kishikio, akilegeza kwa zamu. Ikigoma, hudondoshea mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuyapa muda yapenye. Kwa drili kubwa ya kusimama, yenye biti za shina jembamba kuelekea juu, ipo kabari maalumu ya kupitishwa kwenye upenyo wake. Anayeruka hatua hizi akapiga kwa hasira anaweza kupinda shafti na kuharibu beringi. Hapo hawezi kusema drili imekufa kazini. Ameiua yeye.

Atasema alikuwa na haraka ya riziki. Tujiulize: haraka yake inahalalisha vipi hasara ya mwingine? Mwenye drili naye ana watoto.

Kubwa zaidi ni kuirudisha kimya kimya, imefutwa vumbi, kana kwamba ni nzima. Drili yenye shafti iliyopinda hutikisika, na biti inaweza kukatika ikamrukia usoni atakayeishika kesho. Hapo kosa limetoka kwenye mali likaingia kwenye mwili wa mtu. Huo ni udanganyifu, na kufuta vumbi hakuuondoi.

Mwenye mali naye ana wajibu. Kama anajua kishikio kina kutu na huganda, aseme kabla ya kuazimisha, asimtegee mwenzake alipe ubovu wa zamani.

Ndugu Waislamu, tumezoea kuitafuta amana kwenye fedha nyingi na vyeo vikubwa. Tuitafute pia mikononi mwetu, pale chuma kinapogoma na hakuna anayetuona ila Allah.

Wallahu a'alam.