Hesabu ya Wasikiao na Uzito wa Neno



Tangu zamani mtu asemaye mbele ya watu hupenda kujua kama maneno yake yamepokewa. Mwimbaji wa ngoma husikiliza kama watu wanaitikia. Mzee barazani hutazama nyuso za walioketi. Mwalimu hujua kwa utulivu wa darasa kama fundisho limeingia. Jambo hili si geni, wala si baya. Lakini katika siku zetu kipimo hicho kimeondolewa machoni na masikioni mwa mtu, kikatiwa katika mashine na kupewa tarakimu. Mtu aandikapo neno katika mitandao ya kijamii, mara huonyeshwa chini yake hesabu: wangapi wameliona, wangapi wameweka alama ya kupenda, wangapi wamejibu, wangapi wamewapelekea wengine. Tena wako wenye elimu ambao kazi yao ni kuzipima hesabu hizo na kutabiri mapema ni neno lipi litavuta watu wengi na lipi litapitwa.

Basi twataka kuuliza swali moja lenye sehemu mbili. Je, yafaa mtu kulipima neno lake kwa hesabu ya walioliitikia? Na ikiwa aweza kujua mbele lipi litaitikiwa, je, ni haki yake kuchagua maneno yake kwa ujuzi huo?

Kwanza tufahamu namna mambo haya yanavyokwenda. Alama ya kupenda, yaani kile kidole gumba, ilitiwa katika Facebook mwezi wa Februari 2009. Mwaka 2016 zikaongezwa alama nyingine: moyo wa mapenzi, uso wa kicheko, wa mshangao, wa huzuni na wa hasira. Watu wengi wadhani kwamba alama hizi ni salamu tu kati ya rafiki na rafiki. Sivyo. Kila alama huingia katika hesabu ya mashine, nayo mashine huitumia kutabiri: mtu huyu akionyeshwa chapisho hili, je, ataligusa? Yaliyotabiriwa kuguswa sana huwekwa juu. Yaliyotabiriwa kupitwa hushushwa chini, hata yasionekane. Kwa hiyo utabiri huu si kama ule wa mkulima atazamaye mawingu, maana mawingu hayamsikii, nayo mvua hunyesha au hainyeshi bila kumngoja. Huu ni utabiri wenye amri. Neno lililotabiriwa kupata watu ndilo lipewalo watu.

Kisha tuangalie mawe ya mizani hii. Mwaka 2017 katika Facebook zile alama mpya, pamoja na uso wa hasira, zilihesabiwa kuwa na uzito mara tano kuliko alama ya kupenda. Mambo haya yalidhihirika kwa watu wote mwaka 2021, taarifa za ndani zilipotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ile, naye akatoa ushuhuda mbele ya Baraza la Seneti la Marekani mwezi wa Oktoba mwaka huo. Ikaonekana kwamba wataalamu wa kampuni wenyewe walikuwa wamegundua ya kuwa machapisho yaliyovuta hasira nyingi yalielekea zaidi kuwa na habari za uwongo na maneno ya matusi. Uzito ule ukapunguzwa kidogo kidogo, hata mwaka 2020 hasira ikafanywa sifuri. Sasa fikirini: mashine haikukosea kuhesabu hata siku moja. Ilihesabu sawasawa. Lakini ni nani aliyeamua kwamba mkono mmoja uliosukumwa na hasira una thamani ya mikono mitano iliyosukumwa na upendo? Hakuna mizani isiyo na mtu aliyeyachonga mawe yake. Mtu anapotuambia, “Hesabu yasema hivi,” yatupasa kuuliza, “Hesabu ya nini, na ni nani aliyeiweka?”

Tena hesabu yenyewe yaweza kupotoka. Mwezi wa Septemba 2016 kampuni hiyo hiyo ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili ilikuwa imetangaza wastani wa muda wa kutazama video uliozidi kweli, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde 3 hawakutiwa katika hesabu. Nao YouTube mwaka 2012 waliacha kuzipanga video kwa idadi ya waliozifungua tu, wakaanza kuangalia muda ambao watu walikaa wakitazama. Maana watu walikuwa wameshajifunza kuweka picha na majina ya kunasa, na mtazamaji akiisha kunaswa aliondoka mara. Wenye hekima ya hesabu wajua jambo hili tangu zamani: kipimo kikigeuzwa kuwa shabaha, hukoma kuwa kipimo chema. Yeye apimwaye hujifunza kukipendeza kipimo.

Je, utabiri wenyewe una nguvu kiasi gani? Hapa twapaswa kusema kweli pande zote mbili. Mwaka 2010 Gabor Szabo na Bernardo Huberman walionyesha kwamba katika mtandao ulioitwa Digg, ukiangalia saa 2 za kwanza za habari fulani, waweza kutabiri vema hali yake baada ya siku 30. Lakini kwa video za YouTube ilibidi kungoja siku 10 ili kupata uhakika ulio sawa na huo. Basi jambo likiisha kuanza, mwendo wake hujulikana kwa kiasi kikubwa. Lakini kabla halijaanza? Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walieleza jaribio walilolifanya kwa watu 14,341. Waliweka nyimbo 48 za waimbaji wasiojulikana. Watu wengine walichagua nyimbo bila kuona wenzao wamechagua nini. Wengine waligawanywa katika makundi 8, na kila kundi liliona hesabu ya kundi lake tu. Matokeo yalikuwa haya: palipoonekana hesabu, wimbo uliopendwa ulizidi kupendwa, na uliosahauliwa ukazidi kusahauliwa, tena wimbo uliokuwa mbele katika kundi moja haukuwa lazima mbele katika jingine. Nyimbo bora sana kwa shida zilianguka kabisa, na mbaya sana kwa shida zilishinda, lakini zilizokuwa katikati zingeweza kufika popote.

Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor waliongeza jambo lingine. Katika mtandao mmoja wa habari walitia alama moja tu ya kusifu, kwa bahati, juu ya maoni ya watu. Ile alama moja ya kwanza ikafanya kiwango cha mwisho cha sifa kuzidi kwa asilimia 25. Na mwaka 2016 watafiti walioangalia Twitter, Watts akiwa mmoja wao, waliona kwamba hata njia zao bora za kutabiri hazikuweza kueleza nusu ya tofauti kati ya maneno yaliyoenea na yasiyoenea. Mtu akitaka mfano ulio mwepesi, akumbuke picha ya yai moja la kuku iliyowekwa katika Instagram tarehe 4 Januari 2019. Kabla ya nusu ya mwezi kupita ilikuwa imepata alama za kupendwa kuliko picha yo yote iliyotangulia, ikimshinda Kylie Jenner, ambaye picha yake ilikuwa na alama milioni 18. Yai lilikuwa yai tu. Watu walilipenda kwa kuwa watu walilipenda.

Kwa mambo haya twajifunza mafundisho mawili. Aliyepata wengi asijivune kana kwamba ubora wa neno lake umethibitishwa, maana huenda ni alama ya kwanza tu iliyomwinua. Wala aliyepata wachache asikate tamaa kana kwamba amehukumiwa, maana hakimu aliyemhukumu alitazama mikono ya watu tu. Mtu aliyesoma maneno ya faraja, akaiweka simu chini akaenda kupatana na ndugu yake, hakugusa alama yo yote. Katika hesabu hayumo.

Lakini huenda mtu atatupinga akisema: “Mtu asiyehesabu wasikilizaji wake ajisemea mwenyewe. Je, si kiburi kuandika bila kuangalia kama watu wanafahamu?” Twamjibu kwamba amesema kweli, nasi hatutaki kulipunguza neno lake. Mwuguzi anayewafundisha akina mama kuchemsha maji, akiona kwamba somo lake refu halisomwi na lile fupi lenye picha linasomwa, afanya vema kuchagua lile fupi. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuupakua. Kuhesabu kwa namna hii ni sehemu ya upendo, kwa kuwa asemaye amekwisha kujua lile alilo nalo la kuwapa watu, naye atafuta njia tu ya kuwafikishia.

Hatari iko mahali pengine. Tufikiri juu ya mlinzi wa usiku kijijini, ambaye wenyeji wamepatana kumlipa kwa kila mlango unaofunguliwa apigapo kelele. Akilia, “Kumepambazuka salama,” hakuna afunguaye. Akilia, “Chui!” milango yote hufunguliwa. Mtu huyu hana haja ya kuwa mwovu. Yatosha aone usiku baada ya usiku ni kilio kipi kifunguacho milango. Mwisho wake atalia chui kila usiku. Naye ataapa kwamba awapa watu watakacho, maana wenyewe ndio wanaofungua. Mwaka 2018 Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral walitangaza uchunguzi wao juu ya habari kama 126,000 zilizoenezwa katika Twitter na watu kama milioni 3 kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kwamba habari ya uwongo ilielekea kupelekwa mbele na watu kwa asilimia 70 zaidi kuliko ya kweli. Basi mtu afuataye hesabu peke yake, hata kama hapendi uwongo, amejifunga kwa mwalimu ambaye mara nyingi husifu uwongo.

Tena mtu mwingine atasema: “Hakuna aliyelazimishwa. Kila mtu amegusa kwa hiari yake.” Naam, amegusa kwa hiari, lakini mtu ana hiari ya mara moja na hiari ya baada ya kufikiri. Mkono wa mwenye hasira huchagua katika nukta. Mtu yule yule, akiisha kulala na kuamka, atamani asingalichagua hivyo. Atabiriye mguso wa kidole amesoma hiari ile ya kwanza tu. Je, twataka kumtumikia mtu yupi: yule wa nukta moja, au yule wa asubuhi?

Kumjua mtu kuna namna mbili. Mvuvi amjua samaki, na mama amjua mtoto. Wote wawili wanajua chakula kipendwacho. Nasi twaona kwamba tofauti yao yaweza kujaribiwa kwa swali moja: Je, naweza kumwambia msomaji waziwazi kwa nini nimeandika hivi? Mwuguzi aweza kusema, “Nimefupisha ili usichoke.” Lakini ni nani awezaye kusema bila haya, “Nimelichagua neno hili kwa sababu nalijua litakukasirisha, nawe ukikasirika utajibu, na ukijibu hesabu yangu itapanda”? Ujuzi usioweza kuungamwa mbele ya yule ajulikanaye ni ujuzi wa mtego.

Basi twawapa ndugu zetu mashauri matatu. La kwanza: liamue neno kabla ya kuitazama hesabu. Hesabu na ikufundishe namna ya kusema. Isikufundishe la kusema. La pili: ukiona hesabu inakusumbua moyo, uifiche. Tangu mwaka 2021 Instagram imewapa watu wote hiari ya kuficha idadi ya alama za kupenda. Lakini jueni kwamba kufichwa machoni si kufutwa; mashine yaendelea kuhesabu na kupanga. La tatu ni la wasomaji zaidi kuliko waandishi: kila mguso wako ni jiwe utialo katika mizani ya watu wote. Ukijibu tusi ili kulikemea, mashine haijui kukemea. Yajua tu kwamba umeligusa, nayo yaweza kuwapelekea wengine. Mara nyingine kulipita neno baya kwa kimya ndiko kulijibu.

Wala tusiseme kwamba mambo haya ni ya wenye kompyuta huko Marekani. Mizani i mikononi mwa kila mwenye simu, nasi sote tu wenye kupima na kupimwa. Mwandishi na amkumbuke yule mmoja asiyegusa kitu, ambaye labda kwa ajili yake neno liliandikwa. Na msomaji, kidole chake kikiisha kuinuliwa, na akizuie kidogo, auulize moyo wake kama kesho asubuhi atakubali tena.