Anza na Mwenye Sura

Mjukuu wangu, machweo ya Ziwa Victoria yametosha. Kila anayeshuka Musoma na simu hupiga hayo hayo: jua jekundu, mtumbwi mweusi, mawe makubwa. Yanapendeza, sikatai, ila hayasemi watu wa hapa wanaishije. Wewe unataka picha za sanaa za maisha ya mjini, na unawaza kuhamia Dar es Salaam eti huku hakuna maghorofa. Mimi mji nauona pale watu wasiojuana wanapolazimika kubanana. Nenda stendi ya Bunda basi la Mwanza likisimama: mabeseni yanainuliwa madirishani, chenji inarushwa gari limeshaanza kuondoka. Kaa hapo. Mwanzoni watakutazama wewe. Wakishakuzoea watarudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo uanze kupiga.

Ukienda Mwigobero, ufukwe wa Musoma, ujue kwanza mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Mpiga picha asiyelijua hilo atakuta mchanga mtupu aseme biashara imekufa. Giza likirudi utawakuta kina mama wameinama wakitandaza dagaa. Asubuhi dagaa wabichi wanametameta. Jua likiwakolea, mng'ao unafifia, wanageuka rangi ya majivu. Ukiwa na haraka utaondoka na nusu ya habari.

Kabla hujamwinulia mmoja wa kina mama hao kamera, mwamkie. Shikamoo kwanza. Akikataa, amekataa, usimvizie kutoka nyuma ya bodaboda. Akikubali, mpelekee picha yake, ya karatasi, aishike.

Usidhani hilo linapunguza sanaa. Malick Sidibé wa Bamako, kule Mali, miaka ya 1960 alizunguka kwenye dansi za vijana usiku, akarudi studio kusafisha mikanda, kisha akabandika picha ndogo ndogo ili wenyewe waje wajitafute na kuagiza. Alikuwa akiwauzia wacheza twisti sura zao. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na karibu na kwetu, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, iliishi kwa wateja wa kawaida waliotaka picha zao. Leo watu huingia mle kuitafuta Zanzibar ya babu zao.

Siku moja pita Butiama, makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Kwenye picha za mle wote humtazama Mwalimu. Wewe watazame waliosimama nyuma yake: kofia zao, viatu, aliyefumba macho. Picha nyingi za zamani hutaja wakubwa tu, na hao wengine wamebaki umati. Linaniuma. Kwa hiyo andika nyuma ya kila picha jina, mahali na tarehe, mwenyewe akiridhia.

Kamera uliyonayo inatosha. Hela ya lenzi peleka kwenye kuchapisha. Na hilo onyesho unaloliota, lianzie Mwigobero, kwenye kamba chini ya turubai la muuza chai. Ambaye hukumtoa vizuri atakwambia papo hapo, mbele za watu.