Forodha Iliyokodishwa

Kwa takriban miaka hamsini, aliyejua Zanzibar inaingiza kiasi gani kwa mwaka hakuwa Sultani. Alikuwa mkuu wa forodha, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekodi ushuru wote, kuanzia bandari ya Unguja hadi vijibandari vya Mrima, pwani ya bara inayoikabili, kwa donge moja la riale kila mwaka. Akishalitoa donge hilo, kilichozidi ni chake. Sultani akitaka kujua kimezidi kiasi gani, ilimbidi amwulize yuleyule ambaye faida yake ilikuwa katika kutomjibu.

Nyumba iliyoshika mkataba huo kwa muda mrefu zaidi ni ya Jairam Shivji, ambayo asili yake ni Mundra, katika nchi ya Kachi, India. Ilianza miaka ya 1830, enzi za Seyyid Said bin Sultan. Tusimcheke Seyyid Said. Alikuwa na mji mkuu mpya wa kuujenga, Wamazrui wa Mombasa wa kuwatiisha na Omani ya kuishikilia kwa mbali. Makarani hakuwa nao, na fedha alizitaka leo, si baada ya msimu wa kaskazi. Mtu akija na mfuko uliojaa na kusema ondoa shaka, nitakusanya mwenyewe, ni watawala wangapi wangemkatalia?

Tatizo ni kwamba mkuu wa forodha alikalia viti viwili. Alitoza wafanyabiashara, na yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko karibu wote waliopitisha mizigo mbele yake. Burton na Speke walipofika Unguja kujiandaa na safari ya bara, walimkuta Ladha Damji, mwakilishi wa nyumba hiyo, na ilibidi wapitie mikononi mwake kupata bidhaa na wapagazi. Ukihitaji mkopo, shuka au hati ya kuvusha mzigo, ulijikuta kwa watu walewale.

Na ushuru wenyewe ulimwelemea nani? Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani: bidhaa zao zitatozwa asilimia 5 zikishushwa, basi. Waingereza wakapata wao mwaka 1839, Wafaransa 1844. Kuanzia hapo, hata kama hazina ingekauka, jora la kitambaa chao, merikani, halikuweza kuongezewa hata pesa moja. Mzigo ukabidi utafute bega jingine. Ukaangukia vitu vilivyotoka bara: pembe, sandarusi, na watumwa, ambao nao walitozwa kwa kichwa kama bidhaa. Chukua pembe moja ya ndovu iliyotoka Unyamwezi. Imebebwa begani miezi kadhaa, imelipiwa hongo kwa kila mtemi njiani, na ikifika pwani inapimwa kwa frasila na kuulizwa imetoka wapi, kwa sababu ushuru ulifuata asili yake. Pembe ya Unyamwezi ndiyo iliyotozwa zaidi. Mnunuzi wa Unguja aliujua ushuru huo mapema akaukata katika bei, hivyo aliyeulipa hasa ni yule aliyeuza kule bara, mtu ambaye hakuwahi kuiona forodha wala kupata chochote kutoka kwa serikali hiyo. Kisiwani penyewe Wahadimu, wenyeji wake, walitozwa kodi kupitia mtawala wao wa jadi, Mwinyi Mkuu, nayo ikagawanywa kati yake na Sultani. Mwarabu mwenye shamba la karafuu hakuijua kodi hiyo.

Nchi inayotoza hivyo haijengi uhusiano na wanaolipa, na siku ya shida haina wa kumwita.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Donge la mwaka lilipokuwa halitoshi, Sultani alimwendea mkuu wa forodha kuomba malipo ya mapema, yakakatwa katika donge la mwaka ujao, kisha la mwaka wa baada yake. Seyyid Majid, aliyemrithi baba yake Seyyid Said Unguja, alizidiwa zaidi, kwani uamuzi wa mwaka 1861 wa Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa kuzitenga Zanzibar na Omani ulimtaka ailipe Muscat riale 40,000 kila mwaka. Alipofariki mwaka 1870, deni lake lilizidi mapato ya forodha ya mwaka mzima. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakutaka kulitambua, lakini wadai walikuwa watu wa Kachi, raia chini ya ulinzi wa Mwingereza, na balozi wake alikuwa jirani tu. Kuwanyang'anya mkataba kulihitaji kwanza kulipa deni, na fedha za kulipia deni zilikuwa ndani ya mkataba huohuo.

Haya si ya kale peke yake. Halmashauri nyingi za Tanzania zimewahi kuwapa mawakala kazi ya kukusanya ushuru wa masoko na mazao kwa mtindo huohuo: leta kiasi tulichokubaliana, kinachobaki ni chako. Ofisi ilipata fedha bila jasho, lakini haikujua ni malori mangapi yamepita getini, na mkulima mwenye magunia matatu alikutana na serikali yake katika sura ya kijana mwenye kitabu cha stakabadhi aliyefidia alichotoa kwenye zabuni.

Barghash aliirudisha forodha mikononi mwake mwishoni mwa utawala wake, lakini wakati huo Wajerumani na Waingereza walikuwa wameshapima pwani kwa maili. Mwaka 1888, mwezi mmoja baada ya kifo chake, mrithi wake Seyyid Khalifa aliikodishia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki forodha na utawala wa pwani kwa miaka 50. Mkataba ulikuwa wa sura iliyozoeleka. Aliyebadilika ni mpangaji. Majumbe na maliwali, waliokuwa na fungu lao katika ushuru wa bandari, walijikuta nje. Agosti, mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni Pangani, na pwani ikawaka kwa uasi ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Desemba 1889. Zelewski akauawa na Wahehe kule Lugalo mwaka 1891.

Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4, na Mrima ikaondoka jumla. Mwaka uliofuata balozi wa Uingereza, Gerald Portal, alizitenga fedha za serikali na mfuko wa Sultani, akampangia Sultani wa wakati huo, Seyyid Ali bin Said, posho. Marekebisho hayo yalikuwa mazuri, na Zanzibar haikuyafanya yenyewe. Pwani ya kaskazini, Mombasa ikiwemo, serikali ya Uingereza iliichukua mwaka 1895 kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Upangaji huo ulikwisha mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte walipokubaliana kwamba ukanda huo ni wa Kenya.