Enyi Mnaokwenda Kununua Pikipiki

Mahindi yameanikwa. Kuanzia Endebess hadi Kiminini, kuanzia Naitiri hadi Kimilili, maturubai yametandazwa uani, magunia yanashonwa, na wanunuzi wamefika na mizani zao. Katika kila boma lenye magunia ya kuuza kuna kijana anayepiga hesabu kimoyomoyo: magunia mangapi ni pikipiki moja? Ndugu zangu, nawasihi kabla pesa hizo hazijaingia kwenye simu. Simameni kwanza! Msishuke Kitale na jasho la mwaka mzima mkarudi nyumbani na chuma cha mtu mwingine.

Siipigi vita pikipiki. Ningethubutuje? Mama aliyeshikwa na uchungu usiku kule Kaptama hana gari la kungojea. Maziwa ya alfajiri, vitunguu vya kwenda Chwele, mtoto wa kidato cha kwanza na sanduku lake, mgonjwa asiyeweza kutembea, wote wamepita kwenye kiti hicho. Kazi hii ilianzia hapa jirani, Busia, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani tangu miaka ya 1960. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc mwaka 2008, injini zikajaa vijijini, na vijana ambao shule iliwaacha njiani wakapata cha kushika. Ni kwa sababu pikipiki inalisha nyumba ndiyo maana nalia hivi. Mtu akinunua kipande cha shamba huwaita wazee, humwita jirani wa mpakani, hupima kwa kamba, huandika mbele ya mashahidi. Mtu huyo huyo atanunua pikipiki amesimama kando ya barabara, kwa dakika chache, kwa kuwa muuzaji amemwambia kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Webuye na pesa mkononi.

Mteja huyo wa Webuye hayupo! Na kama yupo, mwache aichukue.

Sikieni sheria inavyosema. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamhesabu mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye chombo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inakataza chombo kilichouzwa kuendelea kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mnunuzi kusajiliwa. Siku 14! Sasa tazameni steji zetu. Pikipiki iliuzwa na mtu wa Eldoret kwa mtu wa Moi's Bridge, naye akamuuzia wa Kitale, na wewe wa Kamukuywa ndiwe wa nne, huku logibuku ikiwa na jina la yule wa kwanza ambaye simu yake haipatikani tena. Ulichopewa ni karatasi iliyoandikwa kwa mkono na nakala ya kitambulisho cha mtu usiyemjua kwa sura. Ukiita huo umiliki, unajidanganya. Siku utakapomgonga mtoto wa watu, bima itauliza jina. Siku pikipiki itakapoibwa, polisi watauliza jina. Siku mjane au ndugu wa yule wa Eldoret atakapojitokeza kudai mali ya marehemu, mahakama itauliza jina. Machi 2022, baada ya mwanamke kushambuliwa na waendeshaji jijini Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru usajili mpya wa wanabodaboda na msako ukaanza. Siku kama hizo, asiye na karatasi hana la kujitetea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuliolisikia neno hilo tangu utotoni bado tunanunua bila daftari!

Basi fanya hivi. Kabla hujataja bei, chukua nambari ya usajili, ingia eCitizen upande wa NTSA, lipia upate rekodi ya chombo. Ikionyesha jina tofauti na la anayekuuzia, mwambie amlete mwenye jina au abaki na pikipiki yake. Jina likiwa lake, bado hujamaliza. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya ng'ombe, mashine, hata pikipiki, na sajili hiyo mtu yeyote anaweza kuipekua. Pikipiki ngapi zinauzwa mitaani ilhali deni lake halijaisha! Aliyekopeshwa anauza, anapotelea Nairobi, na wewe uliyelipa kwa uaminifu unafuatwa nyumbani na watu wenye lori. Wakishathibitisha dhamana yao, utabaki unalia peke yako.

Mkiafikiana, nendeni saiba pamoja, wewe na muuzaji, siku hiyo hiyo. Yeye aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake, wewe uukubali kwenye yako. Sehemu kubwa ya pesa ibaki nawe mpaka hatua hiyo ikamilike, nayo ipite kwa M-Pesa au benki, mahali panapoacha alama. Usimwonee haya muuzaji. Mwenye mali halali hakasiriki akiombwa karatasi.

Nanyi mnaoishi karibu na mpaka, Lwakhakha, Chepkube, Suam, neno langu kwenu ni zito zaidi. Mtaletewa pikipiki yenye nambari ya Uganda kwa bei ya kutupa. Mtaambiwa ni ya shemeji, ni ya kuendesha shambani tu, nambari ya Kenya itafuata. Pikipiki ambayo haijalipiwa ushuru wa forodha haiwezi kusajiliwa hapa, na isiyosajiliwa hapa huwezi kuikatia bima wala kuipandisha barabara ya Bungoma bila kujificha. Na pengine kule ng'ambo yuko kijana kama wewe aliyeamka asubuhi moja akakuta uga mtupu. Utakuwa umenunua machozi yake.

Tuje kwenye chuma chenyewe. Nenda asubuhi, na usimwambie muuzaji saa kamili ya kufika. Kabla ya kuwashwa, weka kiganja kwenye silinda. Ukikuta ni ya moto, ameiamsha kabla yako, na injini inayohitaji kuamshwa mapema kwa siri ina jambo inaloficha. Ngoja ipoe. Ikiwaka, simama nyuma ya ekzosi. Moshi wa samawati unaoendelea kutoka hata injini ikishapata moto ni oili inayoungua, ringi zimechoka, na pesa ya kufungua injini itatoka mfukoni mwako. Vuta cheni kwa vidole nyuma ya sproketi kubwa; ikiinuka hadi uone meno, imekwisha. Shika breki ya mbele, usukume usukani mbele na nyuma, usikilize kama shingo inagonga. Inama chini ya kiti utafute mahali palipochomelewa upya kwenye fremu, maana barabara zetu za udongo na mizigo ya mawe, mbao na magunia huvunja migongo ya pikipiki, na rangi mpya huficha kovu. Uliza pia ufunguo. Pikipiki nyingi hutoka dukani na ufunguo mmoja unaowasha swichi na kufungua kifuniko cha tanki. Ukiona funguo ni mbili tofauti, uliza swichi ilibadilishwa lini na nani, na usikilize jibu linavyokuja.

Halafu nambari ya chasisi. Hapa ndipo wengi hupita mbio, na hapa nawaomba mpige magoti. Imepigwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapogeukia. Futa tope kwa kitambaa chenye petroli kidogo. Pitisha kidole gumba juu ya tarakimu, moja baada ya nyingine, ukizilinganisha na zilizo kwenye logibuku, kisha ufanye vivyo hivyo kwa nambari iliyo ubavuni mwa injini. Tarakimu zikikosa mstari, chuma kikiwa kimesagwa na tupa, rangi ikiwa mpya hapo tu na kwingine imepauka, rudisha kitambaa mfukoni uondoke. Usiombe kupunguziwa! Pikipiki iliyofutwa jina haina bei ya haki, hata ukipewa kwa elfu kumi.

Sasa nizungumze nawe usiye na magunia ya kuuza. Umeambiwa ulete kitambulisho na kianzio kidogo, uondoke leo hii umekalia pikipiki mpya. Yesu alitaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Keti, basi. Tuchukue mfano: kianzio shilingi 30,000, kisha shilingi 480 kila siku kwa siku 540. Malipo ya kila siku yanafika 259,200. Ongeza kianzio, unapata 289,200. Kama pikipiki hiyo ingeuzwa 170,000 taslimu, umelipa 119,200 juu ya bei yake, pesa za kununua ng'ombe wa maziwa. Kwa nini hukuambiwa hivyo ulipokuwa ukitia sahihi? Kwa sababu uliuliza ya siku, hukuuliza ya jumla! Mia nne na themanini inasikika ndogo. Lakini deni hilo halijui Jumapili. Halijui matanga, halijui malaria, halijui zile wiki za Aprili na Mei ambapo njia ya Cherangany ni tope hadi kwenye ekseli na abiria amebaki nyumbani. Kijana anakimbizwa na namba hiyo tangu alfajiri. Ndiyo inayomfanya apakie watatu, ndiyo inayomfanya apite lori kwenye kona ya Webuye. Kukopa harusi, kulipa matanga, na wakati mwingine matanga yenyewe huwa yake.

Sisemi kila mkopo ni dhambi. Nasema dai jumla iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno kabla ya sahihi. Uliza ukikosa siku tatu kutatokea nini, na ukinyang'anywa baada ya kulipa mwaka mzima utarudishiwa nini. Logibuku itakuwa na majina mawili, lako na la mkopeshaji. Deni likiisha, usilale mpaka jina lao litoke. Na kabla ya yote hayo, nenda kwenye chama chako, nenda kwenye sako, uulize riba yao, uone kama inahesabiwa juu ya salio linalopungua. Wengi wenu mna akiba huko mnayoisahau mnapoona rangi nyekundu inayong'aa dukani.

Mpya au iliyotumika? Nitasema ninavyoamini. Pikipiki ya miaka miwili iliyo mikononi mwa mwenye jina, mtu anayejulikana, iliyopimwa na fundi wako wewe na si fundi wa muuzaji, ukiilipia taslimu, ni baraka kubwa kuliko mpya ya mkopo. Ikiwa huna fundi wa kuaminika, ngoja msimu mmoja zaidi ununue mpya kwa pesa zako. Kuhusu aina, Boxer, TVS, Honda, sitagombana na mtu. Chagua ile ambayo vipuri vyake vinauzwa Kitale, Webuye na Bungoma, na ambayo fundi wa kijijini anaijua gizani. Ukifanyia kazi miteremko ya Kapsokwony na magunia nyuma, 150cc inakufaa. Ukizunguka Kanduyi na mjini Bungoma, ndogo yake inatosha na itakunywea petroli kidogo.

Na mkeo yuko wapi katika haya yote? Mahindi hayo alipalilia nani? Nani aliyapukuchua vidole vikatoka malengelenge? Hamwezi kuvuna wawili akanunua mmoja! Mwite aketi mezani, aione bei, aione jumla, ajue logibuku inahifadhiwa wapi. Nimewaona wajane wakisimama ofisini wamekumbatia karatasi wasizozielewa, kwa sababu marehemu hakuona haja ya kuwaeleza. Nanyi akina baba mnaotaka kuuza shamba la urithi ili mwana anunue pikipiki, nawaomba kwa machozi, msiuze. Injini itachakaa, nalo shamba likishauzwa halirudi.

Hesabu yako isiishie kwenye bei ya chuma. Weka kando pesa za bima, za leseni ya daraja linalostahili, na za kofia mbili. Mbili! Sheria inamtaka abiria avae kofia na koti la kumulika kama wewe, na inaruhusu abiria mmoja tu. Ukikosa pesa za kofia ya abiria, bado hujapata pesa za pikipiki.

Nanyi wachungaji wenzangu wa Trans Nzoia na Bungoma, tunaoitwa kila Desemba kuwekea mikono pikipiki mpya uani mwa kanisa, utepe umefungwa kwenye usukani na wimbo umeshaanza. Mwaka huu, kabla hatujafumba macho, tumwombe ndugu mwenye pikipiki atuletee logibuku tulisome jina lililoandikwa. Likiwa lake, tuombe kwa sauti kuu. Likiwa la mtu mwingine, tuvue majoho, tumsindikize saiba, na maombi yangoje mpaka uhamisho ukamilike.