Je, Hadithi za Kale Zivikwe Nguo za Miaka Ijayo?

Siku hizi viko vitabu vya vijana vichukuavyo ngano za kale na kuzipeleka katika miaka isiyofika bado, penye roboti na vyombo viendavyo mwezini. Mwaka 2012 mwandishi wa Marekani, Marissa Meyer, alitoa kitabu kiitwacho Cinder. Ni ngano ile ile ya yatima ateswaye na mama wa kambo, lakini binti huyu ni fundi wa mitambo, na sehemu ya mwili wake ni mashine. Naye akikimbia karamu ya kifalme haachi kiatu ngazini, bali mguu wa chuma. Wazee wengine wakisikia hayo husema kwamba ni kuharibu urithi. Twauliza basi, je, yafaa kufanya hivyo?

Kwanza tukumbuke kwamba kubadili nguo za hadithi si jambo jipya. Ulaya iko hadithi ya paka aliyemtajirisha bwana wake maskini, ambayo Perrault aliipiga chapa mwaka 1697. Pwani yetu hadithi ifananayo nayo ni ya Sultani Darai na paa wake, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja na kuitoa London mwaka 1870. Paka yule aliishia kuwa bwana mkubwa. Paa wetu alipougua alidharauliwa na yule yule aliyemtajirisha, akafa. Mnyama amebadilika, na mwisho umebadilika, lakini swali limebaki: aliyetendewa wema ana deni gani?

Hapa Mafia twaweza kulipima neno hili kwa hadithi yetu wenyewe, ile ya magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani. Yasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua karamuni. Kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, wakalishua jahazi juu yao. Miaka ikapita. Watu wa Kua wakawaalika wale wa Kisimani arusini, katika chumba kilicho chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwaongelesha wageni, hata mlango ukazibwa kwa mawe.

Tuseme kijana wa leo aiandike hadithi hii, na jahazi liwe chombo cha kwenda kwenye nyota. Twaona faida kubwa. Asomaye habari za jahazi husema moyoni, "Hao walikuwa watu wa kale, hawakujua kitu." Lakini akisoma kwamba watu wenye elimu kupita yetu walirusha chombo chao juu ya watoto wa jirani, udhuru huo waondoka. Maana ujuzi wa kuunda chombo na huruma kwa mtoto ni vitu viwili, wala kimoja hakizai kingine.

Lakini iko hatari. Macho ya msomaji hupenda chombo. Nao watu wa Kisimani walikipenda chombo chao. Mwandishi akieleza taa na mitambo kurasa nyingi, na watoto akawataja kwa neno moja tu, amemzoeza kijana kutazama kama walivyotazama wenye jahazi.

Tena asiikate hadithi nusu. Je, wote walioketi arusini walikuwa wamevuta kamba siku ile? Hadithi haisemi. Nasi tusiharakishe kumjibia kijana, wala tusimwache ashangilie mlango uliozibwa kana kwamba hesabu imekwisha.

Basi ninyi wazazi na walimu, msivikatae vitabu hivyo kwa sababu ya roboti zake. Someni pamoja na watoto, na mkiisha kusoma waulizeni: ni nani aliyelazwa chini ya chombo, na jina lake mwandishi amelitaja?